Kibandiko na Gome: Mikusanyo ya Dawa za Asili Arusha na Mlima Meru

Mkusanyo wa kampaundi asilia, kwa maana inayotumiwa na wanakemia wa dawa, ni ghala la vichupa vidogo ambamo kila kichupa kina kemikali iliyotengenezwa na kiumbe hai, awe mti, kuvu, bakteria, sifongo au konokono wa baharini, na kila kichupa kina namba inayoirejesha kemikali hiyo kwa kiumbe aliyeitoa, siku alipochukuliwa na mahali alipokuwa. Ghala hilo hutumika katika upimaji wa mchujo, yaani utaratibu wa kujaribu kemikali moja baada ya nyingine dhidi ya vimelea vya malaria, bakteria sugu au seli za saratani mpaka ipatikane inayofanya kazi, na kwa kuwa mtafuta dawa hajui mapema ni ipi itakayomfaa, thamani ya ghala hutokana na wingi wa vilivyomo pamoja na uhakika wa asili ya kila kimoja. Katika miongo ya karibuni watafiti wengi wameelekeza macho baharini, ambako viumbe wasioweza kukimbia hujilinda kwa sumu za kila aina, na nchi za pwani ya Afrika Mashariki zinahimizwa kujenga mikusanyo yao kabla wengine hawajawatangulia. Arusha iko mamia ya kilomita kutoka baharini, hata hivyo ni hapo, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambapo hatua zote za kazi ya namna hii zilipitiwa kwa mimea, na zilipitiwa kwa gharama. Historia yake inaonyesha kwamba kemia ndiyo sehemu nyepesi; sehemu nzito ni kuhakikisha kwamba kitu kilichokusanywa na kumbukumbu ya mahali kilipotoka havitengani, na kwamba vyote viwili vinabaki mahali ambapo wenye nchi wanaweza kuvifikia.

Mlima wenyewe ni sababu ya kwanza ya historia hiyo. Meru, wenye urefu wa mita 4,566, hupokea mvua nyingi upande wa kusini na mashariki, ilhali upande wa kaskazini uko katika kivuli cha mvua na huishia kwenye nyika kavu ya Wamasai, kiasi kwamba mtu anayetembea kwa siku chache huvuka mashamba ya migomba na kahawa, msitu mnene wa milimani, mianzi, vichaka vya baridi kali na majivu ya volkano, kisha hushuka hadi kwenye maziwa ya magadi ya Momela, ambayo yako juu ya kifusi kilichomwagika pale ukingo wa mashariki wa mlima ulipoporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Kila ukanda una mimea yake, na kila mmea una kemikali zake za kujilinda na wadudu, ukungu na wanyama walao majani. Watu wa eneo hilo nao walikuwa wa asili tofauti: Wameru, wakulima wenye lugha iliyo karibu na Kichaga, Waarusha, wanaozungumza Kimaa lakini ni wakulima, ambao wazee wao walitoka Arusha Chini mnamo miaka ya 1830, na Wamasai wafugaji waliozunguka nyika za chini. Makabila haya yalipigana, yalioana na kufanya biashara, na ujuzi wa dawa ulivuka mipaka yao pamoja na mahari na mifugo.

Mkusanyo wa kwanza wa dawa za Meru, kwa hiyo, ulikuwa katika kumbukumbu za watu. Miongoni mwa wanaozungumza Kimaa ujuzi huo ulijulikana zaidi katika supu: vijana wa rika la moran walijitenga na boma kwenye kambi ya nyama, iitwayo olpul, wakachinja ng'ombe na kunywa mchuzi uliochemshwa na magome na mizizi. Olkiloriti, ambao ni mgunga wa jamii ya Acacia nilotica, ulitumika kuwapa nguvu na kusaidia mmeng'enyo wa nyama nyingi. Osokonoi, yaani gome la Warburgia lenye ukali kama pilipili, lilitumika kwa kifua na kikohozi. Olmukutan, gome la Albizia anthelmintica, lilitumika kutoa minyoo. Magome haya yanauzwa hadi leo masokoni Arusha, na wanawake wa Kimasai huyasafirisha kwenda miji mingine ya Tanzania. Si haki kuuita ujuzi huu ubahatishaji. Mtu aliyejua olmukutan alijua pia msimu wa kubandua gome, upande wa mti unaobanduliwa ili mti usife, kipimo kisichomdhuru mgonjwa, na dalili zinazokataza dawa hiyo. Kilichokosekana ni njia ya kuuhifadhi ujuzi huo nje ya kichwa cha mwenye nao, na ndiyo maana mzee mmoja alipofariki bila mwanafunzi, sehemu ya mkusanyo ilizikwa pamoja naye.

Maandishi yaliletwa na watu waliokuja na bunduki. Ngome ya Wajerumani mjini Arusha, ambayo leo ni Makumbusho ya Historia ya Asili, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya wamisionari wawili wa Kilutheri kuuawa mwaka 1896 na baada ya mashambulizi ya kisasi yaliyoteketeza nyumba na mashamba ya Wameru na Waarusha. Ofisa mmoja wa jeshi la Kijerumani, Moritz Merker, aliyekuwa na kituo chake Moshi, alichapisha mjini Berlin mwaka 1904 kitabu kikubwa juu ya Wamasai, na ndani yake aliorodhesha mimea kwa majina ya Kimaa pamoja na matumizi yake, zikiwemo dawa. Ni jambo la kuumiza kwamba moja ya kumbukumbu kongwe zilizoandikwa za tiba za eneo hili iliwekwa na mtu wa jeshi lililowavunja wenye tiba hizo, lakini kitabu hicho bado kinatumiwa na watafiti, na majina mengi yaliyomo yanatambulika na wazungumzaji wa leo. Katika miaka hiyohiyo mwanajiografia Carl Uhlig alizuru Meru, na jina lake hutajwa pamoja na la Fritz Jaeger katika mjadala wa nani kati yao, mmoja mwaka 1901 na mwingine mwaka 1904, alikuwa Mzungu wa kwanza kufika kileleni. Kisha msafara wa Kiswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wanyama na hasa wadudu wa Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai kuanzia 1905 hadi 1906, na matokeo yake yakachapishwa nchini Swideni kati ya 1907 na 1910.

Utaratibu wa kukusanya mimea unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio msingi wa yote yaliyofuata. Mkusanyaji hukata tawi lenye majani na maua au matunda, hulibana kati ya karatasi na mbao mpaka likauke, kisha hulibandika juu ya karatasi nene, na kwenye kona ya chini huweka kibandiko chenye jina la mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mkusanyaji, namba, na yale ambayo tawi kavu haliwezi kuyaonyesha, kama vile rangi ya ua, harufu ya gome na matumizi ya wenyeji. Nyumba inayotunza karatasi hizo huitwa hebaria. Mtaalamu anapotangaza spishi mpya hulazimika kuteua kielelezo kimoja kiwe msingi wa jina hilo, na mtu yeyote anayetaka kujua kwa hakika mmea wenye jina hilo ni upi hurejea kwenye kielelezo hichohicho. Kwa sababu hiyo anayekitunza kielelezo cha msingi huwa na neno la mwisho kuhusu utambulisho wa mmea, hata kama mmea wenyewe unaota maelfu ya kilomita kutoka kabatini mwake.

Vielelezo vya Afrika Mashariki ya Kijerumani vilielekea sehemu mbili. Vingine viliwekwa katika Taasisi ya Biolojia na Kilimo ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walijaribu mazao ya kila namna, ukiwemo mkwinini ambao gome lake hutoa kwinini ya kutibu malaria. Vingine, na kwa kawaida vile vya msingi, vilipelekwa Berlin kwa Adolf Engler na wenzake, ambao waliipa majina sehemu kubwa ya mimea ya Tanzania bila kuiona ikiwa hai. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin-Dahlem na sehemu kubwa ya mkusanyo ikateketea. Vita ambavyo Wameru na Waarusha hawakuvianzisha viliunguza ushahidi wa mimea yao. Kilichookoka kiliokoka kwa sababu ya desturi moja ya wakusanyaji: mara nyingi tawi lilikatwa vipande viwili au vitatu vyenye namba moja, na vipande hivyo vikagawanywa kati ya hebaria mbalimbali, hivyo pale nakala ilipokuwa imetumwa Kew nchini Uingereza au kubaki Amani, iliwezekana kuitumia badala ya ile iliyoungua.

Katika kipindi cha Waingereza mkusanyo wa Amani uliendelea kukua chini ya wataalamu kama Peter Greenway, lakini mwaka 1950 ulihamishiwa Nairobi na kuwa kiini cha Hebaria ya Afrika Mashariki. Kwa watawala wa wakati huo uamuzi huo ulikuwa wa kawaida, kwa maana walizihesabu Kenya, Uganda na Tanganyika kuwa eneo moja la utafiti, na kutokana na mkusanyo huo na ule wa Kew ulianza kuchapishwa mwaka 1952 mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki uliokamilika mwaka 2012, ukiwa umeeleza spishi zaidi ya 12,000. Katika miaka hiyo milima ilichunguzwa upya. Mswidi Olov Hedberg alifanya kazi mwaka 1948 kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, na kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya mimea ya kanda za juu bado ni rejeo kuu kwa anayepanda Meru na kukuta lobelia na senesio kubwa. Baada ya Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto kuanzishwa mwaka 1960, kisha kupanuliwa mwaka 1967 ili kuuingiza Mlima Meru na baadaye kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa wadudu aliyewahi kufanya kazi ya kudhibiti nzige wekundu, aliishi Momela akichunguza uhusiano wa nyati, nyasi na maji kwa uvumilivu ambao ni nadra kuonekana katika utafiti wa siku hizi.

Wakati huohuo, magharibi mwa mji wa Arusha, Ngaramtoni, taasisi ya aina nyingine ilikuwa imeota mizizi. Kitengo cha utafiti wa viuadudu kilichoanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1945 huko Entebbe kilihamia Arusha, kikabadilika kwa hatua hadi kuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Tropiki, ijulikanayo kwa kifupi TPRI. Kazi yake kubwa ilikuwa kujaribu kemikali dhidi ya mbung'o, mbu na wadudu waharibifu wa mazao, na ingawa nyingi zilikuwa kemikali za viwandani, utaratibu ulikuwa uleule ambao leo unatumika kutafuta dawa: kipimo kinachopangwa, kundi la wadudu linalotibiwa na kundi lisilotibiwa, hesabu ya waliokufa, na daftari. Arusha, basi, ilipata mafundi wa maabara wenye desturi ya kupima kabla haijapata mkusanyo wa mimea wa kupimwa.

Mkusanyo huo ulizaliwa na mgogoro wa kisiasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kile kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Reli ziligawanyika, ndege zikabaki zilikokuwa zimetua, na Hebaria ya Afrika Mashariki ikabaki Nairobi pamoja na vielelezo vilivyochukuliwa Usambara, Kilimanjaro, Meru na kwingineko Tanzania. Mpaka wa Namanga, ulio mwendo wa saa chache kutoka Arusha, ukafungwa. Nchi yenye mimea mingi kuliko karibu zote za jirani ikajikuta haina hebaria ya kitaifa ya kurejea, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mkusanyo wake na idara ya misitu ilikuwa na wake huko Lushoto. Jibu lilikuja mwaka 1979: sheria ya Bunge iliifanya TPRI kuwa taasisi ya taifa, na Hebaria ya Taifa ya Tanzania ikaanzishwa ndani yake Ngaramtoni. Uchaguzi wa mahali haukuwa wa bahati tu, kwa sababu hali ya hewa ya baridi hupunguza ukungu na wadudu wanaotafuna vielelezo, na wataalamu wa viuatilifu walikuwa jirani. Hata hivyo ni lazima isemwe wazi kwamba kazi ilianza karibu upya: milima iliyokwisha kukusanywa kwa zaidi ya miaka 70 ilibidi ikusanywe tena, safari hii na Watanzania, ili nchi iwe na nakala yake ya kile ambacho Berlin iliunguza na Nairobi ilibaki nacho. Mnamo miaka ya 1990 kituo cha taifa cha nasaba za mimea, ambacho hutunza mbegu hai katika ubaridi, kiliongezwa mahali hapohapo, na tangu sheria ya mwaka 2020 shughuli hizi ziko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Kutoka karatasi ya hebaria hadi kichupa cha kampaundi ni safari ya kemia. Gome hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa katika kiyeyusho kama methanoli, ambacho huchota kemikali mamia kwa pamoja. Mchanganyiko huo hugawanywa sehemu kwa sehemu, kila sehemu hujaribiwa, na ile inayofanya kazi hugawanywa tena mpaka ibaki kemikali moja safi ambayo muundo wake unaweza kuchorwa. Osokonoi ni mfano unaowahusu Wamasai moja kwa moja: mwaka 1976 watafiti waliokuwa wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha wadudu mjini Nairobi, kilichoasisiwa na Thomas Odhiambo, walitangaza kwamba magome ya Warburgia yana kampaundi, mojawapo ikiitwa warburganali, zinazowafanya viwavijeshi waache kula kabisa. Miaka ya 1990 Timothy Johns wa Kanada na Rogasian Mahunnah wa Muhimbili, pamoja na wenzao, waliwachunguza Wabatemi wa Wilaya ya Ngorongoro, wajulikanao pia kama Wasonjo, na kupima saponini, kemikali zinazotoa povu zikitikiswa majini, katika magome wanayotia kwenye supu na maziwa, kwa kuwa zilidhaniwa kusaidia kupunguza lehemu kwa watu wanaokula mafuta mengi ya wanyama. Katika kazi za aina hii jina la mmea hushikamana na kielelezo cha ushahidi kilichowekwa katika hebaria, na bila kielelezo hicho mtafiti wa baadaye hana njia ya kujua kama anachunguza mmea uleule.

Ukosefu wa ushahidi wa namna hiyo ulionekana kwa uzito mwaka 2011, pale maelfu kwa maelfu ya watu walipomiminika Samunge, kijiji cha Wabatemi katika Wilaya ya Ngorongoro, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine walifia njiani, na wengine waliacha dawa zao za hospitali. Mti wenyewe, mugariga, ulitambuliwa kuwa Carissa, kichaka cha kawaida ambacho matunda yake huliwa na watoto wa wafugaji na mizizi yake imetumiwa muda mrefu katika tiba za makabila kadhaa. Serikali iliweza kusema ni mmea gani na kama una sumu kwa sababu kulikuwa na wataalamu wa mimea na maabara nchini. Kile ambacho haikuweza kufanya kwa wiki chache ni upimaji wa miaka ambao ungetakiwa kuthibitisha kwamba unaponya.

Swali la wingi wa malighafi lilikuwa gumu zaidi kuliko la utambulisho. Mkondekonde, kama Wachaga wanavyouita mti wa Prunus africana, huota katika misitu ya Kilimanjaro na Meru, na tangu miaka ya 1960, Wafaransa walipoanza kutengeneza dawa ya uvimbe wa tezi dume kutokana na gome lake, miti hiyo ilibanduliwa kwa tani katika nchi nyingi za Afrika mpaka biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Kisa cha Shimba, kusini mwa Mombasa, kinafundisha zaidi. Katika miaka ya 1970 taasisi ya saratani ya Marekani, iliyokuwa ikikusanya mimea duniani kote kwa ajili ya upimaji wa mchujo, ilihitaji meitansini, kampaundi yenye nguvu iliyotangazwa mwaka 1972, na zaidi ya tani 20 za mmea wa Maytenus buchananii zikavunwa katika msitu huo wa Kenya. Wakusanyaji waliporudi miaka michache baadaye walitaabika kupata mimea ya kutosha. Meitansini yenyewe ilionekana kuwa na sumu kali mno kwa wagonjwa, lakini mwaka 2013 dawa ya saratani ya matiti iliyobeba toleo lake lililobadilishwa, ikiwa imefungwa kwenye kingamwili inayoipeleka hadi kwenye seli zenye ugonjwa, iliidhinishwa Marekani. Leo malighafi yake hutoka kwa bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, wala si vichakani Shimba.

Bahari iliingia katika historia hii kwa kuchelewa, kwa sababu vifaa vya kupigia mbizi vilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia tu, na ilipoingia ilirudia matatizo yaleyale kwa ukali mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Werner Bergmann alitoa katika sifongo wa Karibi kemikali ambazo zilifungua njia ya sitarabini, dawa ya saratani ya damu. Mwaka 1972 kundi la George Pettit lilikusanya karibu na Mauritius, katika Bahari ya Hindi hiihii inayopiga Tanga na Unguja, konokono wa baharini aitwaye Dolabella auricularia, na ilichukua hadi mwaka 1987 kutangaza muundo wa dolastatini 10, kwa kuwa wanyama wengi walitoa kiasi kidogo mno cha kampaundi. Sifongo wa New Zealand walikuwa wachoyo kiasi hichohicho: takriban tani moja ilitoa halikondrini isiyofika nusu gramu, na dawa ya eribulini, iliyoidhinishwa mwaka 2010, iliwezekana tu baada ya wanakemia kuijenga sehemu yenye nguvu ya kampaundi hiyo hatua kwa hatua maabara. Mwaka 2001 ilibainika kwamba dolastatini 10 hutengenezwa na sayanobakteria, viumbe wadogo wa kijanibuluu ambao konokono huwala. Dawa ya saratani ya tezi za limfu iliyotokana na kampaundi hiyo iliidhinishwa mwaka 2011.

Jambo hilo huirudisha hadithi kwenye Mlima Meru, kwani sayanobakteria ndio wakazi wakuu wa maji ya Momela. Maziwa haya yana magadi na floridi nyingi, ile floridi inayotia rangi ya kahawia meno ya watu wengi wa Arusha, na ndani yake hustawi viumbe wachache wanaovumilia maji hayo, wakiwemo wale wanaolisha heroe wadogo. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi Manyara na Momela Kubwa, na mwaka 2006 Charles Lugomela, Pratap na Yunus Mgaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha ushahidi kwamba sumu za sayanobakteria ni sababu inayowezekana ya vifo hivyo. Kwa mtafuta dawa, sumu inayoua ndege ni kemikali inayogusa jambo fulani la msingi katika uhai, na inastahili kuwekwa kwenye kichupa, kupewa namba na kuchunguzwa. Maziwa ya magadi ya Kenya yalikwisha kuonyesha thamani ya maji kama haya: bakteria waliochukuliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifika kwenye kampuni za Ulaya na Marekani, ambako vimeng'enya vyao vilitumika katika sabuni za kufulia na katika kufifisha rangi za nguo za jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitoa madai hadharani kwamba idhini na mgawo wa faida havikuzingatiwa. Hata dawa ya kisukari iitwayo akabosi hutengenezwa na bakteria ambao asili yao ni udongo wa shamba la kahawa karibu na Ruiru.

Tengeru, mashariki mwa mji wa Arusha, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi wa shahada za juu mwaka 2011, na sasa kuna kizazi cha wanasayansi wa eneo hilo wanaoweza kuchukua gome la Meru, kulitambulisha Ngaramtoni na kulichunguza bila kulivusha mpaka. Juhudi za bara zima nazo zimeanza kujaza vichupa: mkusanyo wa pamoja wa Afrika, unaotunzwa Chuo Kikuu cha Botswana, uliripotiwa mwaka 2014 kuwa na kampaundi zaidi ya 500, nyingi zikiwa zimetolewa katika mimea ya dawa na watafiti wa Kiafrika waliokubali kuchangia walichokuwa nacho kwenye friji zao. Ni idadi ndogo ikilinganishwa na maghala ya kampuni kubwa, lakini uzito wake uko katika ukweli kwamba kila kampaundi ina mtu na chuo kinachojulikana, na anayetaka kuitumia lazima akubaliane nao. Mkusanyo wa kampaundi za bahari, pale ambapo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar na wenzake wa pwani wataujenga kwa ukamilifu, utahitaji vitu vilevile ambavyo Ngaramtoni ilivianza mwaka 1979: kipande cha sifongo kilichohifadhiwa kama ushahidi, kina na mahali alipong'olewa, jina la aliyepiga mbizi, na nakala inayobaki nchini.

Sheria nazo zimefika, ingawa kwa kuchelewa. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, ulitamka kwamba nchi zina mamlaka juu ya rasilimali zao za kijenetiki, Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaeleza namna ya kupata idhini na kugawana faida, na mkataba wa mwaka 2023 ukapeleka kanuni za namna hiyo kwenye bahari kuu isiyomilikiwa na nchi yoyote. Mikataba hiyo humtaka mtumiaji aonyeshe rasilimali ilikotoka, na hapo ndipo nchi nyingi hukwama, kwa sababu kampaundi iliyokwisha kuingia kwenye ghala la mbali bila jina la mahali haiwezi kudaiwa na mtu yeyote. Kwa vielelezo vilivyoondoka Meru kabla ya 1992, hati ambayo mara nyingi inaweza kuletwa mbele ya mahakama au meza ya mazungumzo ni kibandiko cha mkusanyaji, pamoja na nakala yenye namba ileile ikiwa imebaki Amani, Nairobi au Arusha.